Vyombo vya zamani vya kupimia sauti: tupime kwanza, ndipo tununue



Katika maombi ya misaada midogo yanayotoka kwenye kamati za parokia, ombi la amplifaya mpya halikosekani. Sababu zinazotolewa hufanana: mtambo umeungua tena, sauti inakoroma, watu walioketi nyuma wanasikia kelele lakini hawaelewi maneno. Kwa upande mwingine wako marafiki wetu wa nje ambao wana vyombo vya zamani vya kupimia umeme, vilivyokaa miaka mingi kwenye stoo za vyuo au kwenye karakana za mafundi waliostaafu. Nao huuliza: je, vyombo hivi vinaweza kuwasaidia, au tutakuwa tunahamisha takataka kutoka kwetu kuja kwenu?

Katika makala haya tunapenda kuyajibu maswali ya pande zote mbili, kwa sababu yanakutana. Jibu letu kwa ufupi ni hili: kwa kazi ya sauti, chombo cha zamani kilicho kizima, kikiwa mikononi mwa fundi anayekielewa, kinatosha kabisa kuonyesha ugonjwa uko wapi kabla fedha ya waamini au ya mfadhili haijatumika. Lakini chombo chenyewe lazima kipimwe kwanza.

Kwa nini vya zamani vinatosha

Sikio la binadamu mwenye afya husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Kipimo hiki cha mitetemo kwa sekunde huitwa hezi. Ili mazungumzo yaeleweke, simu za kawaida kwa miaka mingi zilipitisha kuanzia hezi 300 hadi 3,400 tu. Kwa fundi wa umeme hayo ni masafa ya chini sana. Osiloskopi, yaani chombo kinachochora umbo la wimbi kwenye kioo, ikiwa na uwezo wa hezi milioni 10 tu, huenda mara 500 zaidi ya sauti ya juu kabisa tunayoweza kuisikia. Kwa hiyo chombo ambacho hakifai tena kwa kazi ya simu za mkononi au kompyuta bado kina nguvu ya kubaki kwa kazi ya spika na maiki.

Tena, vingi kati ya vyombo hivi vilibuniwa kwa ajili ya sauti. Kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilianzishwa mwaka 1939 katika gereji moja mjini Palo Alto, California, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa osileta ya sauti, yaani chombo kinachotoa toni safi ya masafa unayoyachagua. William Hewlett alitumia balbu ndogo ya kawaida ndani yake. Wimbi linapotaka kukua kupita kiasi, waya wa balbu hupata joto, ukinzani wake huongezeka, na wimbi hurudishwa kwenye kiasi chake. Kwa ujanja huo mdogo toni ilibaki safi na bei ikawa nafuu: osileta ya kwanza iliuzwa kwa dola 54.40. Studio ya Walt Disney ilinunua osileta nane za aina iliyofuata kwa ajili ya kazi ya sauti ya filamu ya Fantasia, iliyotoka mwaka 1940.

Ukikutana na chombo cha miaka ile, usishangae kuona kimeandikwa cps au kc badala ya Hz na kHz. Maana ni ileile: cps 1,000 ni hezi 1,000.

Vyombo vinne vya msingi

Fundi wa sauti hahitaji karakana nzima. Anahitaji vitu vinne.

Cha kwanza ni osileta ya sauti, ya kutoa toni.

Cha pili ni voltimita ya umeme wa mkondo geu, inayoweza kusoma kuanzia milivolti chache hadi mamia ya volti. Hapa chombo cha zamani mara nyingi hukishinda kipya. Mita nyingi za tarakimu za bei nafuu zinazouzwa madukani zimetengenezwa kupima umeme wa nyumbani wa hezi 50, nazo huanza kudanganya zinapofikia hezi mia kadhaa. Lakini voltimita ya valvu kama HP 400D ya miaka ya 1950 husoma kuanzia hezi 10 hadi hezi milioni 4, na kipimo chake cha chini kabisa ni milivolti 1 kwa sindano kufika mwisho. Tofauti hii ifahamike vizuri, maana fundi anayepima toni ya hezi 10,000 kwa mita isiyofaa anaweza kuilaumu amplifaya kwa kosa la mita yake.

Cha tatu ni osiloskopi. Voltimita inakuambia kiasi, osiloskopi inakuonyesha umbo. Vyote viwili vinahitajika.

Cha nne ni mzigo wa bandia, yaani rezista kubwa zinazobeba nguvu ya amplifaya badala ya spika. Rezista nne za omu 8, kila moja ya wati 50, zikiungwa mbili mbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo mbili zikaungwa sambamba, hutoa omu 8 zenye uwezo wa wati 200. Zifungwe kwenye bati nene ili zipoe, na ziwekwe mbali na kitambaa na mikono ya watoto, kwa sababu huwa za moto sana. Bila mzigo huu, kipimo cha nguvu kamili kitaunguza spika na kuumiza masikio ya jirani.

Anza na laini ya spika

Tuchukue mfano. Parokia ina amplifaya ya wati 120 na honi 6 za wati 15 kila moja, zimefungwa kwenye laini ya volti 100 kama ilivyo desturi kwa honi za mbali. Jumla ni wati 90, kwa hiyo kwa hesabu amplifaya inatosha. Hata hivyo imeungua mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na kamati imeamua kuomba ya wati 250.

Kabla ya kuandika barua hiyo, laini ipimwe. Ukinzani unaotarajiwa hupatikana kwa kuzidisha volti 100 kwa 100, kisha kugawanya kwa jumla ya wati: 10,000 kugawanya kwa 90 ni omu 111. Mita ya kawaida ya omu haiwezi kukupa jibu hili, kwa sababu inatumia umeme wa betri na ndani ya kila honi mna transfoma. Itasoma waya wa transfoma peke yake. Ni lazima kupima kwa toni.

Fundi hutenganisha laini na amplifaya. Huunga osileta kwenye laini kupitia rezista moja ya omu 100, na kuiweka kwenye hezi 1,000. Kisha hupima volti mara mbili: juu ya rezista, halafu juu ya laini. Tuseme juu ya rezista amepata volti 1 na juu ya laini volti 0.4. Mkondo uleule unapita sehemu zote mbili, kwa hiyo ukinzani wa laini ni 0.4 ya omu 100, yaani omu 40.

Jibu halihitaji kulingana kabisa na hesabu, maana ukinzani wa honi hubadilika kadiri masafa yanavyobadilika. Lakini 40 badala ya 111 si tofauti ndogo. Laini yenye omu 40 inaitaka amplifaya itoe wati 250, wakati yenyewe ni ya wati 120. Sasa honi zifunguliwe moja baada ya nyingine huku sindano ikitazamwa. Ile ambayo ikiondolewa kipimo kinaruka na kufika karibu omu 133, ambazo ndizo omu za honi tano zilizobaki, hiyo ndiyo yenye shoti. Mara nyingi ni maji ya mvua yameingia kwenye transfoma yake.

Kamati hiyo ilikuwa inataka amplifaya mpya. Inachohitaji ni transfoma moja ya honi. Amplifaya ya wati 250 ingepona kwa muda, na honi mbovu ingeendelea kula nguvu mpaka waya wake uungue kabisa.

Kisha pima amplifaya yenyewe

Laini ikiwa nzima, amplifaya iletwe mezani. Kwanza upimwe umeme wa ukutani wakati amplifaya inafanya kazi. Sehemu nyingi za vijijini umeme hushuka jioni. Amplifaya nyingi za aina ya zamani hazina kidhibiti cha umeme ndani, kwa hiyo umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, nguvu ya sauti inayoweza kutoka hushuka hadi karibu asilimia 61. Hapo tatizo liko kwenye nguzo na waya, wala kubadilisha amplifaya hakutasaidia.

Nguvu. Amplifaya iungwe kwenye mzigo wa omu 8, iingizwe toni ya hezi 1,000, na sauti iongezwe polepole huku umbo likitazamwa kwenye osiloskopi. Wimbi likianza kukatwa kilele, kama mlima uliosawazishwa juu, rudisha kidogo na usome volti. Zidisha volti kwa volti, gawanya kwa omu. Amplifaya ya kweli ya wati 120 itafika karibu volti 31. Ikikatika kwenye volti 22, hesabu ni 22 mara 22, kugawanya kwa 8, yaani wati 60 tu. Hapo ndipo utakapojua pia thamani ya maandishi makubwa ya wati elfu moja au elfu mbili za PMPO yanayobandikwa kwenye baadhi ya mitambo ya dukani. Rezista na volti hazisomi maandishi.

Masafa. Toni ishushwe hadi volti 3 hivi, kisha osileta izungushwe kwenye hezi 100, 300, 1,000, 3,000, 5,000 na 10,000 bila kubadilisha kiasi kinachoingia. Volti zinazotoka ziandikwe kwenye daftari. Zikishuka hadi asilimia 71 ya zile za hezi 1,000, mafundi husema zimeshuka desibeli 3, na nguvu imepungua kwa nusu. Sauti za herufi kama s, f, t na sh hutegemea masafa ya juu. Mtambo uliopoteza masafa hayo utasikika mbali lakini maneno hayataeleweka, na kuongeza sauti hakutaponya.

Mngurumo. Maiki iondolewe, mlango wa kuingizia sauti ufungwe kwa rezista ya omu 600, na voltimita isome kinachobaki. Ikiwa amplifaya inatoa volti 22 kwa toni na milivolti 22 kwa ukimya, tofauti ni mara 1,000, yaani desibeli 60, ambayo kwa matangazo ya kanisani si mbaya. Ikiwa mngurumo ni mkubwa, osiloskopi itazame kasi yake. Mngurumo wa hezi 50 huelekeza kwenye waya wa ardhi au kebo iliyokatika ngao. Wa hezi 100 huelekeza kwenye kapasita za umeme zilizochoka ndani ya amplifaya. Kapasita mbili ni gharama ndogo sana ukilinganisha na mtambo mpya.

Ukwaruzo. Kipo chombo maalumu kinachoondoa toni yenyewe na kupima uchafu unaobaki, kama HP 333A na 334A. Ni kizuri lakini si cha lazima kwa kuanzia. Atakayekitumia akumbuke kupima osileta yake kwanza, maana uchafu wa osileta utahesabiwa kuwa wa amplifaya.

Onyo moja kuhusu voltimita za sindano. Nyingi hupima wastani wa wimbi na sindano imechorwa kwa kudhani wimbi ni safi. Wimbi la pembe mraba litaifanya isome asilimia 11 zaidi ya ukweli. Ndiyo maana tunasisitiza: tazama umbo kwanza, ndipo usome volti.

Chombo cha zamani nacho ni mgonjwa mpaka kipimwe

Wazee wetu husema usione vyaelea, vimeundwa. Chombo kilichokaa stoo miaka 20 hakichomekwi ukutani siku kinapofunguliwa kwenye sanduku.

Kwanza, soma kiliundwa kwa volti ngapi. Vyombo vya Marekani vingi ni vya volti 115, wakati umeme wa Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240. Baadhi vina swichi nyuma au ndani ya kubadilishia, na fyuzi nayo hubadilishwa. Visivyo na swichi vinahitaji transfoma ya kushushia. Angalia pia kama kimeandikwa kuwa kinakubali hezi 50, kwa sababu transfoma iliyoundwa kwa hezi 60 tu inaweza kupata joto kupita kiasi.

Pili, kapasita za zamani huvuja. Washa chombo mara ya kwanza kupitia balbu ya waya ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfuatano na waya wa umeme. Balbu ikiwaka sana na kuendelea, kuna shoti, zima. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, kuna matumaini.

Tatu, usalama. Vyombo vya valvu huwa na volti mia kadhaa ndani, na kioo cha osiloskopi hutumia maelfu. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi ya ndani ifanywe na fundi aliyefundishwa tu, na asiwe peke yake chumbani. Pini ya ardhi isikatwe kamwe. Vilevile, klipu ya ardhi ya osiloskopi imeunganishwa na ardhi ya ukutani. Baadhi ya amplifaya, hasa za gari na za kisasa, hazina upande wa ardhi kwenye waya za spika. Ukiifunga klipu hapo umepiga shoti.

Nne, usahihi. Linganisha voltimita ya sindano na mita nzuri ya tarakimu kwenye hezi 50, mahali ambapo zote mbili zinaaminika. Masafa ya osileta yanaweza kulinganishwa na kinanda cha kielektroniki cha kwaya: noti A iliyo juu ya C ya kati ni hezi 440. Tofauti ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kwenye chombo. Chombo kinachokosea asilimia 5 na kosa lake linajulikana ni bora kuliko kinachosifiwa lakini hakijawahi kulinganishwa na chochote.

Na kompyuta je?

Baadhi ya vijana wetu watauliza kwa nini tusitumie kompyuta. Swali ni zuri. Kompyuta ya mkononi yenye programu inayofaa inaweza kutoa toni, kuchora masafa na kuonyesha ukwaruzo vizuri kuliko vyombo vingi vya zamani. Tunashauri itumike ikiwapo. Lakini mlango wake wa sauti umeundwa kupokea volti moja au mbili hivi. Ukiuingiza volti 31 za amplifaya bila kuzipunguza, umeua kompyuta. Voltimita ya zamani yenye kipimo cha volti 300 haitishiki na kosa la namna hiyo. Vyombo hivi viwili visaidiane.

Kwa wafadhili na kwa kamati

Kwa marafiki wanaotaka kutuma vyombo, tunaomba seti moja iliyokamilika badala ya shehena ya vyombo nusu. Kila chombo kiwashwe na kupimwa kabla ya kufungwa, kiambatane na nyaya zake, valvu za akiba kama ni cha valvu, na kitabu cha maelekezo. Vingi vya vitabu hivyo sasa vinapatikana kwenye intaneti. Vyombo hivi ni vizito, na gharama ya usafiri na forodha inaweza kuzidi thamani yake. Chombo kibovu, tafadhali, kibaki huko huko.

Kwa kamati za parokia tunashauri jambo moja. Ombi la amplifaya au spika mpya liambatane na karatasi moja ya vipimo: umeme wa ukutani, omu za laini ya spika, volti za juu kabisa zisizokatwa kilele, na mngurumo. Mistari minne inatosha. Si kila parokia inahitaji kuwa na vyombo vyake. Seti moja yaweza kutumiwa na dekania nzima, au kuwekwa kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu, ambako vijana watajifunza kwa kuipima mitambo ya kweli badala ya kuchora ubaoni tu.

Kamati inayoleta vipimo hivyo inampa mfadhili sababu ya kuamini, na inajipa yenyewe uwezo wa kumuuliza fundi swali lenye maana: umepata omu ngapi? Fundi mwema atafurahi kuulizwa.